Mafuta ya Luul na Mipira ya Kliniki

Kithimani,
14 Agosti 2002

Kwa dada yangu mpendwa Syokau,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na shemeji Henry na kale kachanga kenu. Sisi huku tuko salama, ila vumbi limetuziba pua, na Mbinya wangu ameota meno, ananiuma nikimnyonyesha. Mwaitu, mama yetu, anakusalimu. Anauliza kama umeanza kunenepa.

Dada, kuna jambo singeweza kukueleza kwa simu ya dukani watu wakisikia. Tangu nijifungue, nilikauka. Huko chini, namaanisha. Mume wangu akinikaribia naumia kama nimesuguliwa na mchanga, nikawa nasingizia mtoto. Mbithi alivumilia kwanza. Halafu siku moja akaniuliza, bila kuniangalia, kama kuna mwanamume mwingine, kwa sababu wenzake wa gereji wamemwambia mwanamke hakauki bure. Nililia tu. Hata mimi sikujua mwili wangu umepatwa na nini.

Aliyegundua ni Luul, yule mama Msomali anayeuza leso hapa sokoni. Aliniona nikikalia stuli upande upande, akanivuta nyuma ya pazia la duka, nikamwambia yote. Alicheka, akasema sisi Wakamba tunapaka watoto mafuta mpaka wanang'aa kama sufuria, lakini mama mtu tunamwacha akauke kama ngozi ya mbuzi. Hata mlango wake ukilia, anautia mafuta, sembuse mimi! Kwao mama aliyejifungua hukandwa kwa mafuta ya simsim, na kidogo hupakwa hapo panapouma. Akanimiminia kwenye chupa, akanionya nisithubutu yale ya kujipaka yenye marashi.

Unanijua nilivyo na udadisi. Niliyanusa, nikayaonja, nikayapaka mkononi kwanza nione kama yatawasha. Hayakuwasha. Basi nikayatumia, na dada, yalifanya kazi! Mbithi akaanza tena kupiga mluzi akioga, na ile habari ya mwanamume mwingine sikuisikia tena.

Sasa keti chini. Niko na mimba nyingine.

Na sisi tunatumia mipira ya kliniki, kila mara, hakuna siku tumeruka. Fikiria hofu yangu. Mwanamume alishashuku, anavaa kondomu, halafu mke anamwambia ana mimba! Nilienda kwa nesi. Akaniambia ni kunyonyesha ndiko hukausha wengi wetu, na shida si mafuta, shida ni kuyachanganya na mpira. Mafuta huula mpira ukawa dhaifu, unaweza kupasuka hata msijue. Mimi nilijiuliza, mafuta ya kupikia yana meno gani? Nikaomba pakiti nikajionee.

Nilimwita Mbithi mezani, nikamweleza yote, na mimba pia. Nikapuliza kondomu kama baluni, nikaisugua na mafuta ya Luul, tukaitazama. Pa! Mbinya akaangua kilio. Mbithi alichukua nyingine, akaipuliza mwenyewe mpaka mashavu yakamvimba, akaisugua kwa mkono mkavu. Ikakataa kupasuka. Akaisugua tena, kwa nguvu. Ikakataa. Ndipo akatia mafuta kidoleni.

Ilipopasuka, vipande vikamwangukia mapajani. Kisha akaniomba msamaha kwa yale maneno ya gereji, akaniuliza kama kichefuchefu kimeanza. Nilisema ndiyo. Akatoka kunitafutia ukwaju.

Nimekuandikia kwa sababu Krismasi ulilalamika hivyo hivyo nami nikajifanya sielewi. Wewe unadungwa sindano ya kupanga uzazi, kwa hivyo simsim haitakuharibia mpango. Lakini uliza nesi wa huko kwanza. Mwaitu hajui bado, usimwambie.

Mbusu mtoto, na Henry mpe salamu zangu zote. Barua hii ukitaka msomee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Katunge