Mikataba Kumi ya Soya

Chicago, Jumanne, 4 Novemba

Mdogo wangu mpenzi Danute,

Pokea salamu zangu. Naomba zikukute kifua kimetulia na joto la huko Arizona likikufaa kama daktari alivyotarajia. Mimi sasa ni wa kuinuliwa na kulazwa. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na wauguzi wameanza kuniongelesha kwa upole mno, jambo ambalo mtu wa miaka themanini na minne hulielewa bila kuambiwa. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, na kila Jumapili nashindwa, ndiyo maana naandika. Kwa miaka thelathini na saba nimekuficha ukweli kuhusu Emmett Garrity na ile mikataba kumi ya soya.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulitoa dola elfu tatu za mshahara wako wa uuguzi, nami nikatoa elfu tatu. Nilikuwa nimeacha kufundisha hesabu, napokea simu za wateja pembeni mwa shimo la soya, ule uwanja wa ngazi sokoni ambamo wanunuzi na wauzaji hupigiana kelele, huku wale jamaa wa sokoni wakinitania kila asubuhi: “Mwalimu, leo chaki umeisahau wapi?” Emmett, mchumba wako, alisimama ndani ya shimo akinunua na kuuza kwa niaba ya watu. Ni yeye aliyetupa kanuni. Alisema akaunti ndogo ni mtoto anayejifunza kutembea. Ukimvuta mkono akimbie, atang'oka meno. Mkataba mmoja wa kununua soya kwa kila dola elfu sita zilizomo. Ikifika elfu kumi na mbili, miwili. Ikishuka, unashuka nayo bila kununa. Uliiandika kanuni hiyo ukaibandika kwenye jokofu, na kila Jumapili, kabla hujanikatia kugelis, ile keki ya viazi ya kwetu, ulinihoji kama padri anavyowahoji watoto wa komunyo: “Haya kaka, leo tuna ruhusa ya mingapi?”

Tuliifuata kwa miezi kumi na minne. Ukaja ule mwaka wa ukame, soya ikapanda, tukafika mikataba minne na zaidi ya dola elfu ishirini na nne. Kupanda hakukunisumbua. Kilichonishinda ni kushuka. Bei ilirudi nyuma siku tatu, nikatoka sokoni nikiwa na elfu kumi na tisa, na kanuni ikaniambia nirudi kwenye mitatu. Niliona aibu kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Harusi yenu ilipangwa Septemba, na mlikuwa mmeshaiona ile nyumba ya matofali karibu na kanisa. Nilijiambia nataka kuwanunulia ninyi. Labda ni kweli, sijui tena.

Ndani ya shimo kelele hazimruhusu mtu kusikika, kwa hiyo tulisema kwa mikono. Kiganja changu kikinielekea mwenyewe, nanunua. Kidole kimoja kwenye kidevu ni mkataba mmoja. Kidole hichohicho kwenye paji la uso ni kumi. Asubuhi moja baada ya kushuka kule nilinunua kupitia kwa Emmett. Mchana zikaja habari za mvua kwenye mashamba ya soya huko Iowa. Kesho yake bei ilianguka mpaka kikomo ambacho soko huruhusu kwa siku moja, na ikifika hapo hapatikani wa kununua, hata ukipiga magoti. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Kwa mikataba kumi, kila siku ilituondolea dola elfu kumi na tano. Akaunti ilikwisha, na juu yake tukadaiwa elfu kumi na moja.

Waliponiuliza, nilisema nilionyesha mmoja tu, kwenye kidevu, Emmett akaona kumi. Uongo huo ulinitoka mdomoni kabla sijaufikiria. Nawe unajua desturi ya pale: aliye shimoni akisoma mkono vibaya, hasara ni yake.

Wazee watatu wa soko walituketisha. Emmett aliwaambia Mwalimu alimwonyesha kumi. Akasema waniulize mimi mwenyewe, singeweza kudanganya mbele yake. Wakaniuliza, nikadanganya mbele yake. Mzee mmoja alicheka, maana kanuni yetu ilikuwa mzaha wa soko zima, akamwambia Emmett kwamba mtu mwenye kanuni kwenye jokofu hanunui kumi. Hivyo ndivyo alivyoshindwa, kwa kanuni aliyotufundisha mwenyewe. Aliuza haki yake ya kusimama shimoni, akalipa. Akaunti yetu ikarudi elfu kumi na sita, kana kwamba kweli nilikuwa nimenunua mmoja.

Ulikuja kuniuliza mara moja tu, jikoni, mikono yako ikiwa na unga. Nikakuapia. Jioni ile ulivua pete ukamrudishia Emmett mlangoni, nami nimesimama nyuma yako. Ulimwambia ungeweza kuishi na maskini, hata na mzembe, lakini huwezi kulala kitanda kimoja na mtu anayemwita kaka yako mwongo. Alinitazama mimi, akangoja kidogo, kisha akashuka ngazi.

Baadaye akawa fundi wa mitambo ya kupasha joto katika shule za Berwyn. Alioa, akafiwa na mkewe, ana mabinti wawili. Kwenye mazishi ya shangazi Aldona alikunyooshea mkono, nawe ukampita kama mtu anayepita nguzo. Nilikuwa nimekushika kiwiko, nikaendelea kukuongoza. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usinijibu mimi kwanza, Danute. Mpigie yeye.

Msalimie Bi Ofelia anayekupeleka kliniki, mwambie namshukuru. Blanketi la mama nimelikabidhi kwa muuguzi, lina jina lako. Vaa soksi hata kama huko ni joto. Nyayo zako zilikuwa za baridi tangu utotoni. Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza mimi.

Nimeandika yote haya na bado nazunguka. Najua ulivyo, utanitetea. Utasema kaka alikuwa na haraka, mkono ukateleza, kisha akaogopa. Sivyo. Nilipoweka kidole kwenye paji la uso, Emmett hakununua. Alitikisa kichwa, akagusa kidevu chake: mmoja? Nikarudisha kidole kwenye paji. Akaniuliza tena, akigusa kidevu polepole ili nione vizuri. Nikakirudisha tena, nikakiacha hapohapo mpaka aliponunua.

Kaka yako,
Vytas Norkus