Makomamanga ya Anonsiata

Jumamosi, 7 Juni
Nguo zimefuliwa. Maharage yako motoni. Komamanga la tatu ninalofuma tangu asubuhi limeharibika. Limetoka kama soksi ya mtoto mchanga. Nimelifumua.

Anonsiata aliacha tisa. Yanatakiwa ishirini na manne kuzunguka pindo la joho. La samawi, la zambarau, jekundu, na njuga ya dhahabu katikati ya kila mawili. Ndivyo Maandiko yanavyoeleza vazi la kuhani mkuu wa Waebrania. Tarehe 12 Julai kwaya zetu za miji mitatu ya Marekani zinakutana Buffalo kuonyesha mavazi hayo. Louisville wanaleta kifuko cha kifuani chenye mawe kumi na mawili. Buffalo wanatengeneza kilemba chenye bamba la dhahabu. Sisi Columbus, joho. Alipewa mke wangu, Anonsiata, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Alifariki Februari. Nikasema nitamalizia mimi. Sijui kwa nini nilisema. Kazini kwangu napanga maboksi.

Jumapili, 8 Juni
Nimefuma kanisani wakati wa matangazo. Akina mama wamecheka hadi mhubiri akageuka. Mmoja ameniuliza harusi yangu ni lini, mbona najiandaa hivi. Nimecheka pia. Keza, binti yangu wa miaka kumi na mitano, amehamia benchi la nyuma.

Jumamosi, 14 Juni
Louisville. Zaidi ya saa tatu garini. Nimekwenda kufundishwa na Spesioza, dada mkubwa wa Anonsiata. Yeye anashona kile kifuko. Mawe yake ni vifungo vya makoti ya zamani, kila kabila la Israeli na rangi yake. Alikosa kijani, akakata kwenye koti la mumewe. Mumewe hajajua.

Amenionyesha. Unaanzia juu kwenye kikonyo, unashuka, unabana kila baada ya mishono mitano ili tunda liwe na mbavu, unajaza pamba, unafunga chini. Amenichapa mkono kwa sindano mara mbili. Anasema Anonsiata alimshinda wepesi tangu kambini, tulipokuwa wakimbizi, na kwamba akifuma alikuwa anatoa ulimi nje. Kweli. Nilikuwa nimeusahau ule ulimi.

La nne limekubali.

Alhamisi, 19 Juni
Keza amerudi kutoka duka la Morse Road na tunda kwenye mfuko. Alisoma jina lake la Kiingereza, akatafuta la Kiswahili kwenye simu. Komamanga. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kuliona. Ni laini kama mpira. Halina mbavu. Halina kofia ya kikonyo juu. Lina taji, tena chini, upande ule tunaoufunga sisi.

Tumeliweka kando ya yale ya mama yake. Tumetazama. Mimi ndiye niliyesema. Ni nyanya chungu. Tisa, safi kabisa, kama za sokoni kambini, ila za samawi na zambarau.

Tumecheka mpaka nikakaa sakafuni. Mara ya kwanza humu ndani tangu Februari. Halafu tumelipasua, tukala. Ni tamu. Vidole vyote vyekundu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeamua kunyamaza. Nani anajua komamanga?

Jumapili, 22 Juni
Mwalimu Tarsisi anajua. Keza ametuma picha ya joho kwenye kundi la kwaya, kwa fahari tu. Mwalimu ndiye mkuu wa onyesho, na ndiye atakayeyavaa mavazi. Siku hizi anafanya usafi chuoni Amherst, kando ya Buffalo, lakini alifundisha shule ya Jumapili kambini na jina la Mwalimu limebaki naye. Amepiga simu kabla sijavua viatu. Ameuliza afya, kazi, mtoto. Kisha:

"Ndugu yangu, hizo ni nyanya chungu. Kuhani hawezi kuingia patakatifu amevaa mboga."

Anataka yafumuliwe yote, yafanywe upya. Ametuma picha ya komamanga halisi. Kundi zima limecheka. Mtu ameuliza kama kutakuwa na ugali.

Najua hana ubaya. Nimemkasirikia.

Jumanne, 24 Juni
Nimefumua moja, la samawi. Nilidhani ni kazi ya dakika tano, na ilikuwa dakika tano. Lakini uzi haunyooki. Umebaki na mikunjo, midogo midogo, kila mmoja pale alipovuta yeye. Nimekaa nao mkononi mpaka chai ikapoa.

Sifumui mengine. Ni kazi ya mwisho ya mikono yake. Mwalimu akikataa, joho halitavaliwa, litaishia kabatini. Naogopa hilo kuliko kuchekwa.

Jumamosi, 28 Juni
Nimempigia Spesioza, nikamweleza. Amecheka hadi akakosa pumzi. Kisha amenipa habari nzima. Kambini wasichana wa shule ya Jumapili walimwuliza mwalimu wao komamanga likoje, wapate kulidarizi kwenye kitambaa cha madhabahu. Mwalimu akachukua chaki, akachora. Mbavu, kikonyo, kofia. Wasichana wakanakili. Anonsiata hakujua komamanga jingine tangu siku ile. Na mwalimu huyo ni Tarsisi.

Alitaka kumpigia saa ile ile. Nimemkataza. Mtu mzima haaibishwi kwenye simu, wala kwenye kundi.

"Sasa shemeji, utafanya nini?"

Nitafuma.

Jumapili, 6 Julai
Yametimia. Manane yake, kumi na sita yangu, yote yana mbavu. Lile la samawi nimelirudia kwa uzi ule ule. Limekuwa rahisi kuliko mengine, kama uzi unajua njia. Njuga zimetoka kwenye mapambo ya Krismasi ya kanisa. Yangu yanatambulika. Yameinamia upande mmoja, kama watu wanaosikiliza habari za jirani.

Mwalimu sijamwambia kwamba sikuyafumua.

Ijumaa, 11 Julai
Buffalo, East Side, sebuleni kwa Mwalimu. Spesioza alikuwa amefika. Nimetandaza joho juu ya kochi. Mwalimu amevaa miwani, akalizunguka kochi lote, akitazama pindo.

"Nilikuomba uyafumue."

Nimemwambia nimeshindwa, ni mkono wa Mama Keza. Spesioza aliniahidi kunyamaza. Amenyamaza. Lakini alivyokuwa anaiangalia dari, hata mgeni angejua kuna jambo.

Mwalimu ameshika moja la zambarau, akapitisha kidole kwenye mbavu. Ameuliza nani alitufundisha hivi. Nimeona kumbukumbu inavyomfikia, polepole. Ameketi.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wasichana thelathini wananitazama. Ningewaambia sijui?"

"Ulichora vizuri, Mwalimu," Spesioza akamjibu. "Tulisikia hata njaa."

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, Mwalimu, mpaka miwani ikaanguka. Halafu amelivaa joho papo hapo juu ya fulana, akatembea hadi jikoni na kurudi, njuga zikilia.

"Kutoka viti vya nyuma," amesema, "ni makomamanga."

Jumamosi, 12 Julai
Ukumbi umejaa. Mume wa Spesioza alikaa mstari wa pili, akakitambua kifungo chake kifuani mwa kuhani. Akasimama, akakaa.

Njuga tulizisikia kabla ya kumwona Mwalimu. Amewaeleza watu ndivyo ilivyokuwa, kuhani alisikika akiingia na akitoka. Kisha akawaambia habari ya chaki, mwenyewe, bila kuombwa. Akamtaja Anonsiata kwa majina yake yote mawili. Watu wamepiga makofi. Nimetoka nje kidogo. Keza amenifuata, akasimama karibu nami tu.

Wameomba joho libaki Buffalo kwa miaka ijayo. Nimekubali. Nilidhani itaniuma zaidi.

Jumapili, 13 Julai
Tumefika nyumbani saa kumi. Keza alilala kutoka Erie mpaka Cleveland.

Meza ya jikoni iko wazi. Tangu Mei joho lilikuwa juu yake na sisi tulikula kwenye kochi, sahani mapajani. Leo tumekula mezani. Wali na dagaa. Kiti cha Anonsiata kiko mahali pake. Keza ameweka begi lake juu yake, akaenda kuchukua chumvi.

Sikuliondoa.