Baba na Binti Chumba Kimoja cha Mtihani

Jumatatu, 10 Agosti 1953
Zahanati imejaa tangu asubuhi. Vidonda vya miguu, macho, mtoto aliyeungua na uji. Nimefunga bendeji mpaka mchana. Nikarudi nyumbani Mtoni, nikala, nikafungua kitabu cha hesabu. Desimali. Sizipendi. Lakini bila cheti cha darasa la nane sipelekwi kozi ya uganga. Nitabaki dresa wa kufunga vidonda mpaka nizeeke.

Mwalimu mkuu wa shule ya Tabitha amekubali. Nitafanya mtihani palepale, pamoja na wanafunzi wake. Tabitha, binti yangu, bado sijamwambia. Naogopa.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimemwambia. Tabitha akalia. Anasema wenzake watamcheka, baba mzima mwenye mvi kukaa dawatini. Mama yake, Eliza, kamuunga mkono. Naye anasema nina kazi, nina viatu, nataka nini tena.

Nimekasirika. Nimekaa barazani peke yangu. Pengine wasemalo ni kweli.

Jumamosi, 15 Agosti
Darasa la Tabitha limekwenda makumbusho mjini, kutazama vitu vya mitihani ya wafalme wa China. Wazazi tuliruhusiwa. Nilimpakia kwenye baiskeli. Njia nzima aligeuza uso pembeni.

Mama mmoja wa Kizungu aliyepata kuishi huko ndiye aliyetueleza. Zamani zile, aliyetaka cheo serikalini alipita kwenye mtihani. Kuna picha ya vyumba, safu kwa safu, kila kimoja chembamba kama choo. Mtu aliingia na chakula chake, akafungiwa humo siku na usiku. Ubao mmoja meza, ubao mmoja kiti. Kulala, anaziunganisha mbao zote mbili. Kuna pia fulana iliyojaa maandishi madogo kama chawa. Ya kuibia majibu. Wavulana walikawia sana hapo.

Halafu picha ya mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani, na kijana kando yake. Mwalimu akauliza kama mzee kamsindikiza mjukuu. Yule mama akasema sivyo, wote wawili ni watahiniwa. Ilitokea babu, mwana na mjukuu kuingia pamoja. Wapo walioshindwa tangu ujana, wakarudi tena na tena mpaka uzeeni, na watu waliwaheshimu.

Hakuna aliyecheka. Tabitha alisimama mbele ya picha ile mpaka wenzake wakatoka. Mie nyuma yake.

"Baba," akasema, "desimali umeshazielewa?"

Nikamwambia bado.

"Basi jioni nitakufundisha."

Nilijifanya natazama fulana.

Jumanne, 20 Oktoba
Desimali. Tena desimali. Tabitha mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye. Leo nimekosa hesabu moja tu. Eliza katuletea chai bila kuombwa.

Jumatano, 18 Novemba
Mtihani. Dawati dogo, magoti yamebanwa. Mvulana mmoja akaniita Babu, wakacheka. Tabitha akageuka.

"Huyo ni baba yangu. Na hesabu atakushinda."

Nimejibu maswali yote.

Ijumaa, 11 Desemba
Majina yamesomwa leo uwanjani, wazazi tumesimama pembeni. Tabitha wa pili shule nzima. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwalimu mkuu akaendelea kusoma, akafika mwisho. Mie simo. Nikatazama chini, nikimwonea Eliza haya.

Ndipo akageuza karatasi. Akasema yupo mtahiniwa mmoja wa nje, naye amefaulu. Akataja jina langu lote, mpaka la babu yangu.

Tabitha akatoka mstarini mbele ya shule nzima, akanikimbilia. Eliza akapiga vigelegele, kilemba kikamdondoka, asikiokote. Watoto wakashangilia, na yule aliyeniita Babu akaja kunipa mkono. Nimetembea kurudi Mtoni kama ninayeimiliki Kilwa Road.

Nimefaulu. Naandika tena. Nimefaulu.

Jumapili, 13 Desemba
Tumerudi kutoka kanisani. Mvua kidogo. Eliza kapika samaki wa nazi, kichwa kampa Tabitha, maana ndiye aliyepata alama nyingi. Mie nimemshinda kwenye Kiswahili tu. Tabitha akakigawa kichwa, nusu akaiweka sahanini kwangu. Tukala.

Januari naanza kozi. Sasa hivi wote wawili wamelala, na mvua imekatika.