Mafuta Kwenye Kope za Baba

Malindi,
14 Mei 2024.

Mpendwa Kaka Kambi,

Shikamoo. Hujambo huko Doha, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu hai, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea.

Baba amekatwa panga. Aliyemkata ni Charo, mdogo wetu wa tumbo moja. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Unavikumbuka vile vidoa vya manjano kwenye kope za Baba, karibu na pua? Charo alipofiwa na mwanawe kwa homa, watu matangani wakanong'ona kwamba mzee mwenye macho yale ni mchawi, ndiye aliyemla mtoto. Mpumbavu akaamini. Alimkuta Baba akila, akamkamata ndevu, akainua panga. Baba akakinga kwa mkono, mfupa ulionekana. Mimi nilikuwa kinuni. Nilimtwanga Charo mchi wa mgongo, nikamtwanga tena alipokwisha anguka, na kama majirani wasingenishika ningemmaliza. Sijutii.

Daktari alipokwisha kumshona Baba, aliniambia, "Mama, haya ni mafuta tu. Kolesteroli imezidi kwenye damu, ikajikusanya kwenye kope. Tunapiga ganzi, tunayatoa." Hayaumi, hayapofushi, wala hayalogi mtu. Ila yanaweza kurudi, na mafuta hayohayo huziba mishipa ya moyo, kwa hiyo Baba ameanza vidonge. Tena huandama ukoo. Nawe kapimwe damu, usinijibu kwamba huna nafasi.

Baba anaogopa kurudi kijijini Ganda na kope zile. Ijumaa anatolewa mafuta hayo. Kutwa anauliza kama kovu litaonekana, la kope, si la mkono. Nikimsikia nalia.

Jana nilikwenda kituo cha polisi kumwona Charo, nia yangu kumtemea mate. Alipoinua uso penye mwanga nikaona kwenye kope ya kushoto kidoa cha manjano, kama punje ya mtama. Nikamwambia. Akajipapasa, akawatazama waliofungiwa naye. Kisha akaninong'oneza, "Dada, niletee miwani myeusi."

Nimeinunua. Imo mkobani, na sijui kama nitampelekea.

Nisalimie wifi Gladys na watoto. Baba anakupa baraka kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa, zipokee hivyohivyo. Mungu akulinde na maradhi, na akulinde zaidi na nduguzo.

Dada yako akupendaye,
Nyevu