Memori Mbili za Nyumba Moja

Doha

Kwako Mama,

Mulembe. Mulembe pia kwa wote walioketi hapo jikoni barua hii ikisomwa, hata yule jogoo mwekundu anayejifanya mwenye boma. Goti linasemaje siku hizi? Ile dawa ya kupaka imesaidia, ama nayo umeigawa kwa majirani? Usinijibu, jibu nalijua. Mahindi ya shamba la juu yamefika wapi? Na majani chai bado unachuma mwenyewe na huku nilikukataza? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mwili uko na nguvu, ni moyo tu ndio unanisumbuanga.

Anayekuletea barua hii ni Lihanda, kijana wa Malinya tunayefanya naye kazi. Amepata likizo. Mpe chai, na kama kuna ingokho usimwonee kuku huruma, mchinje, kwa sababu kijana huyu amenisaidia sana. Najua utauliza, karatasi ya nini na simu iko? Ngoja, nitakwambia.

Kazi yangu ni ile ile, kupanga maboksi ya mboga na matunda kwa stoo ya baridi. Nje jua linachoma mpaka kandambili zinalainika, ndani tunavaa makoti mazito na pua zinatiririka. Juzi nikainua boksi la mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, nikaona limeandikwa Kenya. Mama, nilifungua kona kidogo nikanusa. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, ile inayopandanga mvua ya saa kumi ikianza kuanguka huko Shinyalu. Msimamizi akanikuta nimeinama kwa boksi macho yamefungwa. Nikamwambia naangalia kama kuna zilizooza.

Saa ya huku na ya huko ni moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Nikitazama ukutani najua mnafanya nini. Saa moja jioni najua unasonga obusuma, mwanangu Mmbone amekaa kwa kigoda akichagua mrenda, na moshi unamfuata popote anapohamia. Mimi hapa nakula wali, nyinyi mko pale, na saa ni ile ile.

Sasa tuongee hii kompyuta ya Mmbone, maana najua imekuchosha. Ulisema, “Mwanangu, watu wakienda ng’ambo wanaletanga mabati, wewe unaleta vyuma vya kuchezea.” Ulisema pia mtoto wa kike na gemu ni wapi na wapi. Nilinyamaza kwa heshima. Leo wacha niseme.

Tangu mama yake Mmbone atutoke, yule mtoto alikuwa anachekanga mahali pamoja tu, kwa kile kibanda cha gemu nyuma ya soko pale Kakamega mjini. Kila Jumamosi tulikuwa tunaenda, tunacheza kandanda ya kwenye skrini, ananifunga mabao mpaka wenye kibanda wanakuja kuangalia. “Baba, kipa wako amelala! Mwamshe!” Halafu anapiga meza na kucheka. Nilikuwa nafungwa na moyo wangu unashiba.

Siku hizi nikipiga simu namuuliza, uko aje? “Niko sawa.” Shule? “Poa.” Halafu, “Kukhu huyu hapa,” na simu inahamia kwako. Mama, naogopa. Naogopa siku nitakayorudi nitamkuta msichana mzima mwenye adabu zake, aniandalie chai, aninawishe mikono, aniulize safari ilikuwaje, kama vile anavyomfanyia mgeni yeyote.

Ndiyo maana ya hii kompyuta. Rodel, yule Mfilipino tunayeishi naye chumba kimoja, ana laptopu ya gemu, na siku yetu ya mapumziko, Ijumaa, ananiazima. Kukiwa na mashine nyingine hapo sebuleni kwako, mimi na Mmbone tunaingia uwanja mmoja kwa njia ya intaneti. Tunacheza, tunaongea. Kubeba kompyuta nzima hakuna wa kunibebea, kwa hivyo nikaamua kununua vipande, kila anayeenda nyumbani namwomba abebe kimoja kati ya nguo zake.

Nilidhani ni kazi rahisi. Wapi! Nilianza na prosesa, ile inayofanya hesabu zote, halafu nikakimbilia ubao mama, ule ubao mpana ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Nikachagua wenye mataa mengi. Pale dukani nikajaribu kuikalisha prosesa kwa nafasi yake, ikakataa. Nikataka kuisukuma, vile tunavyosukumanga droo ya kabati lako. Rodel akanidaka mkono akipiga kelele, “Hapana! Hizo sindano zikipinda umezika!” Kumbe kila prosesa ina aina ya ubao wake, haingii kwa mwingine hata ukiibembeleza.

Hapo nikamkumbuka marehemu Baba pale uwanja wa fahali Malinya. Hakuwa anakubali fahali wetu apambanishwe kabla yeye mwenyewe hajamzunguka yule wa pili, akaangalia pembe, shingo, jinsi anavyokanyaga. Watu wanapiga ngoma za isukuti, wanamwita mwoga, yeye anazunguka tu. “Fahali hawapangwi kwa kelele,” alikuwa anasema. Basi nami nikaanza kuzunguka. Nikarudisha ule wa mataa, nikachukua ubao mnyonge kwa sura lakini unaokubaliana na prosesa yangu. Nikatafuta memori, vile vibao viwili vyembamba vinavyoshika kazi inayoendelea, ya aina inayoingia kwa ubao huo. Kadi ya michoro, ile inayoleta picha kwa skrini, nikaipima kwa shubiri nijue itatosha ndani ya sanduku. Halafu nikarudi kwa pawa, lile boksi linalogawa stima, kuona kama litaweza kuwalisha wote hao. Rodel alinicheka akasema nanunua kompyuta kama mtu anayeposa.

Vipande vikafika kimoja kimoja. Mmbone akaviunga mwenyewe akifuata video. Ulinisimulia vile alitandaza gunia safi mezani na kumfukuza kila mtu, mpaka wewe mwenye nyumba. Nilifurahi nusura nilie. Ikawaka! Lakini tulipoingia uwanjani ile Ijumaa, mchezaji wake anatembea hatua, anaganda, anatembea, anaganda. Mara picha inasimama kabisa. Tulijaribu mpaka akasema, “Wacha tu, Baba. Haidhuru.” Akazima. Ijumaa iliyofuata sikumpata.

Hilo “haidhuru” lilinikata, Mama. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikamsumbua Rodel na maswali. Pawa ni ndogo? Prosesa imechoka? Nikaanza kujilaumu kwamba nimemletea mtoto takataka kutoka mbali.

Kumbe dawa ilikuwa kwako! Wewe mwenyewe, tukiongea habari ya kuku, ukachomekea tu: “Na ile yako nyingine ndogo ya kung’aa nilimpatia Shivachi. Uliletea huyu mbili, mtoto wa ndugu yako hana hata moja. Niwaangalie vipi?”

Mama! Nilicheka mpaka nikakalia boksi la nyanya. Memori huuzwa pacha. Zimetengenezwa zikae ubao mmoja na zibebe mzigo pamoja. Ukiweka moja inabeba peke yake, na gemu ni nzito. Nawe ukazigawa kama pipi! Shivachi naye, nasikia, ameitoboa karatasi yake ya nembo na kuifunga kwa zipu ya begi la shule, anatembea nayo Shinyalu nzima ikimetameta.

Sikulaumu hata kidogo. Ndivyo ulivyotulea. Kitu kutoka safari hakilali kwa nyumba moja na nyumba ya pili inaangalia. Mimi na ndugu yangu tulivaa soksi za jozi moja, mmoja mguu wa kushoto na mwingine wa kulia, na hatukufa. Lakini kilichopewa mtoto hakinyang’anywi mikono mitupu, hilo pia ulitufundisha. Kwa hivyo ndani ya begi la Lihanda kuna viatu vya mpira, ni vya Shivachi. Mpelekee wewe mwenyewe, umweleze vizuri, umwombe ile memori. Akiona viatu hatabishana. Mwambie Mmbone aipanguse vizuri kabla ya kuichomeka, na kama imeumia aniambie, nitatafuta pacha wengine.

Kuna pia spika za kuvaa kichwani zenye kipaza sauti. Mama, tafadhali. Ziko pande mbili, lakini ni za masikio mawili ya kichwa kimoja. Usizikate. Wewe kuna leso yako na miwani. Hizo ukizigawa tutakosana.

Radi ikianza kunguruma, waya wote uchomolewe ukutani. Bando la Ijumaa nitakuwa natuma mimi.

Nisalimie ndugu yangu na mkewe hapo ng’ambo ya njia, Shivachi mwenye viatu vipya, na shangazi yetu, senje, akija kukuona. Mwambie senje sijasahau nyimbo alizotuimbia. Nikiwa peke yangu kwa stoo naziimba, na mashine za baridi ndizo zinanipokea.

Sasa lile swali la karatasi. Nilijua miwani yako ya zamani imevunjika, na kwamba atakayekusomea ni mmoja tu. Kwa simu ananipa maneno matatu. Nikasema, nikiandika, itabidi maneno yangu yapite mdomoni mwake, yote, mpaka mwisho. Mama, akinyamaza hapa usimharakishe. Endelea na chungu chako.

Mmbone, hapa soma kimya kimya.

Mwanangu, ni mimi. Nimekukumbuka mpaka nashindwa kusema. Ile kompyuta haikuwa mbovu, na wewe uliiunga sawasawa, kila waya. Memori ilikuwa inamtafuta pacha wake tu. Ijumaa saa mbili usiku, baada ya chakula, nitakuwa uwanjani. Nitachukua timu ile mbaya niliyokuwa nachukuanga pale kibandani. Kama huna neno la kuniambia, usitafute. Vaa spika, cheza. Nikisikia unapumua itanitosha.

Na kipa wangu amelala, kama kawaida. Njoo umwamshe.

Baba yako.