Akina Ndabaneze

Dayton, Ohio
18 Januari 2015

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na goti lako limepunguza ugomvi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi, ambayo mwaka huu imekuja na hasira zake zote. Jovita na watoto wanakusalimu. Nisalimie kaka Leonardi na wote wa Simbo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako hukatika kila nikifika kwenye jambo lenyewe, na isipokatika wewe husikia unachotaka. Barua utaisoma mara mbili.

Mama, nimeanzisha mradi. Kazini kuna mzee mmoja ambaye watu wenye jina lake la ukoo, zaidi ya mia nne, wamepima vinasaba na kulinganisha majibu. Unajisugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, unakipeleka maabara, nao wanakuonyesha nani ametoka kwa babu mmoja na wewe upande wa baba. Mzee huyo amepata ndugu ambao ukoo wake ulipoteana nao zamani za meli za tanga. Siku aliponieleza nilirudi nyumbani sikula. Mimi nilivuka ziwa nikiwa mgongoni, na baba alikufa hajanitajia hata kilima alichozaliwa.

Basi nimefungua mradi wa jina la Ndabaneze. Wamejiunga wanaume watano wenye jina hilo: mmoja yuko Norway, mmoja Australia, mmoja Kanada na wawili hapa Marekani. Wote asili yao ni Burundi kama sisi.

Nimetuma kifurushi kwa anwani ya parokia. Ndani mna vijiti viwili vya Leonardi. Asugue shavu, afunge, arudishe. Mimi na yeye ndio msingi wa mradi, wengine watalinganishwa nasi.

Mwanao,
Nehemia


Gungu, Kigoma
2 Machi 2015

Mwanangu Nehemia,

Marahaba, mwana wanje, kama tusemavyo kwa Kirundi. Nimeisoma mara tatu, si mbili. Goti langu huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo majirani wameacha kusikiliza redio, wananiuliza mimi. Leonardi ni mzima, mihogo yake imekubali, na mkewe Edina amejifungua wa kike.

Huo mradi wako umenichekesha. Tangu lini kwetu jina likarithiwa? Baba yako Gervasi aliitwa Ndabaneze, baba yake aliitwa vingine kabisa, na kaka yake vingine. Kila mtoto alipewa lake. Ni karani wa wakimbizi aliyetuandika wote Ndabaneze kwenye kadi moja, hata mimi, kwa sababu fomu yake ilitaka hivyo. Sasa unakusanya watu wa Norway eti ni ndugu zako, kumbe karani wao naye alikuwa na fomu kama ile.

Kifurushi hakijafika. Labda kimepotelea njiani. Usitume kingine, utajisumbua bure. Tuma picha za watoto. Nina hamu nanyi mpaka nikisikia ndege inapita natoka nje kuitazama, kama vile mtanipungia mkono.

Mama yako


Dayton
9 Aprili 2015

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Hongera kwa mjukuu. Huku theluji imeyeyuka na watoto wameanza kucheza nje.

Umeshinda. Majibu ya wale watano yametoka na hakuna anayelingana na mwenzake, wala na mimi. Wa Norway alicheka. Bonaventura, yule wa Kanada, alilia kwenye simu, mtu mzima wa miaka hamsini, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuniita mdogo wake. Sasa ndiyo namhitaji Leonardi zaidi. Tukijua damu ya baba ilivyo, tutaitafuta kwa Warundi wote waliopima, jina lao liwe lolote.

Lakini mama, kifurushi kile kina namba, na namba hiyo naifuatilia kwenye kompyuta. Kilichukuliwa tarehe 20 Februari, kikasainiwa. Saini nimeiona. Ni yako, yenye ile M inayolala.

Sikulaumu. Kama unaogopa jambo kuhusu Leonardi, kwamba pengine baba yake si baba, niambie mimi peke yangu. Atabaki kaka yangu na sitamwambia mtu. Ila usinifiche. Nina kiu ya mtu mmoja tu ng'ambo ya ziwa ambaye nitamwambia, wewe na mimi tumetoka hapa. Nimechoka kuwa mtu ambaye habari zake zinaanzia kwenye kadi.

Mwanao,
Nehemia


Gungu
27 Mei 2015

Mwanangu,

Leo siulizi afya yako, unisamehe. Nikianza salamu nitaishia kwenye salamu.

Kifurushi ninacho. Kimo kwenye sanduku langu la bati. Nilikudanganya. Na kuhusu Leonardi ondoa wasiwasi, huyo ni wa Gervasi mpaka masikio.

Mwezi huu wakimbizi wamekuja tena kutoka Burundi. Meli inawatoa Kagunga na kuwashusha hapa mjini, wanajaa uwanja wa mpira. Parokia ilituomba uji, nikaenda na sufuria yangu. Kwenye foleni ya kujiandikisha alikuwapo binti mmoja ameshika watoto wawili wasiofanana hata kidogo. Karani akamuuliza, "Wote wako?" Niliweka sufuria chini nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nimekaa na kalamu, leo ni siku ya nane.

Mwaka 1972 tulishuka ufukweni Kibirizi, mimi, baba yako na Leonardi, ambaye alikuwa na miaka miwili. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mwanamke wa rika langu, ana mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa ziwani muda wote, kwa sababu mtoto wake mkubwa alipakiwa mtumbwi mwingine. Mtumbwi ulipotokeza akamfungua wa mgongoni, akanipa. Akasema, "Mfatira, ndaje." Nishikie, nakuja. Akakimbilia majini.

Foleni ikasogea. Karani akauliza, "Watoto wangapi?"

Nikasema wawili.

Nimejiambia miaka arobaini na mitatu kwamba kama ningesema mmoja, wangekuchukua wakakuweka na watoto wasio na watu. Hiyo ni kweli. Na hii pia ni kweli, kwamba watu watatu walipewa blanketi moja, wanne wakapewa mawili, na Leonardi alikuwa anatetemeka. Nilifikiri ni mambo ya karatasi tu, mwenyewe atarudi, tutarekebisha. Lakini lori lilijaa watu wa orodha yetu kabla hatujakunja hayo mablanketi. Nilipiga kelele. Baba yako alipiga kelele. Dereva hakuwa anasikia Kirundi. Tulisafiri siku mbili hadi makazi ya wakimbizi huko bara, na wewe ulilia siku hizo mbili, kisha ukanyonya.

Mtoto huyo ni wewe. Jina ulilopewa na wenyewe sikulijua. Nehemia nilikupa mimi.

Tuliporuhusiwa kurudi Kigoma, miaka saba baadaye, baba yako alitaka tukalime kahawa Kalinzi. Mimi nikang'ang'ania kuuza mawese Kibirizi, na watu wakaniona mkaidi. Nilikuwa natazama nyuso za wanaoshuka kwenye boti. Ulipopata safari ya Marekani ukaniomba twende wote, nikasema naogopa ndege. Siogopi ndege. Niliogopa aje asimkute mtu.

Na wewe sikukuambia kwa sababu niliogopa utaacha kuniita mama. Sina sababu nyingine, nimeitafuta siku nane nzima.

Mama yako


Gungu
30 Agosti 2015

Mwanangu Nehemia,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Mimi nipo, nakula, nalala kidogo. Simu yako inaita tu.

Leonardi nimemweleza. Alichukua kijiti akasugua shavu mpaka nikamwambia atajitoboa. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea. Hiki kijiti kinalijua hilo?" Bahasha nimeipeleka posta mwenyewe, kwa bodaboda, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili.

Hata ukiandika matusi, andika.

Mama yako


Dayton
6 Desemba 2015

Mama Leonardi,

Salamu. Sisi tu wazima.

Majibu yametoka. Mimi na Leonardi hatulingani popote. Nilikuwa nalijua hilo tangu Juni, lakini kuliona limeandikwa ni jambo jingine. Nilizima kompyuta nikaenda kukaa ndani ya gari.

Nilianza barua nyingi, nikachana zote. Nimekukasirikia, na sitaki kusema uongo. Nikijifunika blanketi nakumbuka kwamba nilihesabiwa ili lipatikane. Halafu nakumbuka umenibeba mgongoni mpaka zahanati ya mbali nilipougua homa ya uti wa mgongo, na hasira inakosa pa kukaa. Jovita anasema niandike tu maswali. Basi haya hapa.

Yule mwanamke alikuwa amevaa nini? Huyo mtoto mkubwa alikuwa wa kiume au wa kike? Na mtumbwi ule ulifika? Nijibu kama ilivyokuwa. Usinihurumie.

Nehemia


Gungu
17 Januari 2016

Nehemia,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Na hilo la Mama Leonardi, watu wote wa Gungu huniita hivyo na sijawahi kuumia. Safari hii niliumia. Lakini una haki.

Mtumbwi ulifika. Nilimwona yule mwanamke ameingia majini mpaka kiunoni, akamnyanyua mtoto wa kike wa miaka kama mitano, akamzungusha juu. Alikuwa anacheka, Nehemia. Akageuka kutazama kwenye foleni tulipokuwa, na mimi nilikuwa nimeshavuka meza ya karani. Hakuniona. Hilo ndilo ninaloliona mimi nikifumba macho, kile kicheko kabla hajajua.

Alivaa gauni la bluu lililolowa. Kanga aliyokufungia ninayo, nyekundu, imepauka, kona moja imeungua moto. Nimeitunza bila kuivaa hata siku moja. Sikutumii, maana vitu hupotea njiani, na wewe unajua hupotelea mikononi mwa nani.

Vijiti vilikuwa viwili. Leonardi alitumia kimoja. Cha pili nimejisugua mimi, kimo humu ndani. Najua mradi wenu ni wa upande wa baba na wanawake hawamo. Najua pia hakitalingana na chako. Kipeleke hivyohivyo. Waandike kwamba hailingani, lakini waandike, niwe kwenye orodha moja na wewe.

Chini ya barua hii siweki lile neno la siku zote. Safari ile nilijiandikisha bila kuulizwa. Safari hii nakuachia wewe.

Marcelina


Dayton
20 Machi 2016

Mama,

Shikamoo. Shikamoo na za miezi yote ambayo sikukuamkia. Goti lako linasemaje kuhusu masika? Huku tu wazima wa afya, na mtoto wetu mdogo ameng'oka jino, anataka alitume kwa bibi.

Kijiti chako kimefika maabara. Wana kipimo kingine cha wanawake na wanaume, kinachofuata upande wa mama, nami nimekifanya. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa kujaza wewe ni nani kwa mwenye mradi. Nimeujaza kabla sijavua koti. Majibu yakaja: hailingani. Nimeyaweka kwenye orodha chini ya yangu, kama ulivyotaka.

Jina la Ndabaneze nimeliondoa kwenye mradi. Sasa ni mradi wa waliovuka ziwa mwaka 1972 na watoto wao, wanaume kwa wanawake, jina lolote. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Bonaventura, ambaye bado ananiita mdogo wake na nimeacha kumkatalia. Tumefika thelathini na moja. Dada yangu hayumo. Atakuwa na miaka arobaini na minane au tisa, na kila mwanamke wa umri huo anapojiunga nashindwa kufanya kazi mpaka majibu yatoke. Mama yangu yule sijui kama yu hai. Namtamani, na sikufichi. Namtamani bila kukupunguza wewe, jambo ambalo miezi mingi sikujua linawezekana.

Nilikukasirikia kwamba hukumngoja. Kisha nikakumbuka yale madumu ya mawese, na wewe umeyakalia Kibirizi mvua na jua, unatazama watu wanaoshuka, na sisi wanao tunakucheka kwamba unapenda umbea wa bandarini. Hakuna mtu aliyemngoja zaidi kuliko wewe.

Tiketi nimekata. Nitafika Kigoma tarehe 9 Julai, na nina likizo ya wiki tano. Mwambie Leonardi aje kutoka Simbo, twende Kibirizi wote watatu kama siku ile. Ichukue ile kanga. Safari hii ivae mabegani, ionekane, na mimi nitasimama karibu yako na sura yangu hii, huenda yupo atakayeijua. Asipotokea mtu, tutakula samaki wetu migebuka tukarudi nyumbani, na kesho yake tutakwenda tena.

Nishikie nafasi pale ufukweni. Ndaje.

Mwanao,
Nehemia