Msimamizi wa Ndoa Yetu Ndiye Anayemliza Mke Wangu

Shangazi Salwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na unisamehe maandishi, mimi ni fundi pikipiki hapa Moshono, kalamu naishika mara chache. Mke wangu Nashipae ni nesi wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa mjini, na zamani akirudi kazini hata viatu hajavua ananisimulia watoto waliozaliwa, huyu kapiga chafya, yule kanuna kama babu yake, tunacheka mpaka chai inapoa, lakini siku hizi anarudi kimya, simu ya kazini ikilia anashtuka, na asubuhi za zamu anatapika. Mimi kwa akili zangu nikajua ni mimba, shangazi, nikafurahi jamani, nikampigia mama yangu kule Oldonyo Sambu, na mama hakuchelewa, akaja na ndoo ya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nashipae akamwangalia mama, akaingia chumbani, nikamfuata nikamkuta analia, akaniambia, "Sina mimba, Lengai. Nina zamu."

Ndipo akanieleza. Inchaji, yaani mkuu wa wodi yao, Sista Ndeshi, anamgombeza mbele ya wagonjwa, anaigiza Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimaa ili wenzake wacheke, halafu mama wa Kimasai akilia kwa uchungu na Kiswahili hajui, ni "Nashipae uko wapi, njoo!" Akikaa kunywa chai wenzake wanahama meza kwa kumwogopa inchaji, akiuliza jambo anaambiwa chuoni ulienda kusuka nywele, basi sasa haulizi tena, na juzi aliogopa kuuliza kipimo cha dawa mpaka daktari alipopita kwa bahati akamwonyesha. Mwenzake Diana ameshaacha, anauza mitumba soko la Kilombero, anasema bora jua. Nashipae naye anataka kuacha mwisho wa mwezi.

Sasa shangazi, kinachonifunga mdomo ni kwamba huyo Sista Ndeshi na mumewe, mzee Frederick, ndio waliosimamia ndoa yetu, na kanisani tulifundishwa kwamba jambo likitushinda nyumbani tulipeleke kwao kwanza, na kila Jumapili Sista anamkumbatia mke wangu mlangoni pa kanisa anamwita binti yangu, na mke wangu anatabasamu. Nilitaka niende wodini na ovaroli langu nimalize mambo, Nashipae akanishika mkono, anasema nikifungua mdomo yeye ndiye atakayeumia. Na kazi hii anaipenda, naijua ile furaha yake. Nimwache aache, au nifanye nini?

Lengai, Moshono

Marahaba, Lengai mwanangu.

Nianze kwa kukugombeza, tumalizane. Mimba hutangazwa na mwenye tumbo! Nenda kwa mama yako leo, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea wewe, asije akamuuliza Nashipae. Na ovaroli liache gereji. Ukienda kupiga kelele wodini utarudi nyumbani moyo mweupe, mwenzio atabaki na zamu ya kesho.

Sasa pole. Poleni wote wawili. Nilipofika pale "nina zamu" niliweka barua chini kwanza, nikavua miwani. Mwili unaotapika kwa hofu ni mwili unaoumwa, na hilo mkeo analijua kuliko mimi. Aende kwa daktari, apewe mapumziko, asiamue jambo la kuacha kazi katika hali hii.

Akishapumua, aende kwa metroni wa hospitali, na asiende peke yake. Mwombeni Diana afuatane naye, maana aliyekwisha kuacha hana cha kuogopa. Habari ya kipimo cha dawa aiseme waziwazi, hapo si ugomvi wa wafanyakazi tena, ni uhai wa mgonjwa. Aombe kuhamishwa wodi. Nesi mmoja akiondoka, waliobaki wanagawana zamu zake, wanachoka, wanakuwa wakali, anaondoka mwingine. Metroni kama halijui hilo, aambiwe.

Nashipae, najua Lengai atakusomea hapa. Mwanangu, nesi anayeuliza ndiye ningependa anihudumie mimi. Uliza, hata wakucheke. Lafudhi yako kuna akina mama wanaililia. Na ukiamua kuacha baada ya yote haya, hujashindwa, na asikudanganye mtu.

Sasa wasimamizi wenu. Lengai, desturi haijakufunga mdomo hata kidogo. Inasema jambo lipelekwe kwao, basi lipelekeni! Nashipae akiwa tayari, siyo kabla, waiteni nyumbani kwenu wote wawili, mzee Frederick awepo, pikeni chai. Nashipae aeleze anavyotendwa kazini, yote, taratibu, bila kutaja jina. Akimaliza, wewe muulize Sista Ndeshi swali moja tu: "Mama, mtu anayemtendea binti yako hivi, tumfanyeje?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu namna gani.

Huenda naye alifundishwa kazi kwa matusi akadhani ndiyo malezi. Akilia, mpeni kitambaa, mumsikilize. Akikasirika akainuka, msindikizeni mpaka getini kwa heshima zote, mrudi ndani, mkae pamoja, mjue kwamba kuanzia siku hiyo mnatafuta msimamizi mwingine.